Chuo Kinachochukua Kila Mtu

Mkonze, saa kumi jioni

Nyemo mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Majengo kununua vitu vya safari, na kwa jinsi ninavyomjua mama yako akiwa dukani, nina saa mbili nzuri za kuandika. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutomwazima mtu sufuria atakuambia yeye. Ameshaanza kukuambia tangu Jumatatu. Mimi nina jambo moja tu, na ni jambo la aibu, kwa hiyo nimeona afadhali niliseme kwenye karatasi, ambako huwezi kuniangalia usoni.

Ni lile neno nililolisema siku tuliyokwenda kwa baba yako mkubwa kumpongeza Baraka.

Pilau ilikuwa mezani. Baba yako mkubwa alikuwa amesimama, anaeleza kwa mara ya tatu kwamba chuo alichochaguliwa mwanawe kinachukua mtu mmoja katika kila kumi wanaoomba. Wewe ulikuwa umeomba hukohuko kwa sababu mimi nilikulazimisha, na ukawa mmoja wa wale tisa. Chuo cha mifugo uliomba mwenyewe, kimyakimya, na wakakujibu ndani ya wiki moja. Jirani mmoja akaniuliza, "Na Nyemo je?" Nikajibu huku nacheka, "Nyemo amepata kile cha mifugo. Kile kinachukua kila mwenye miguu miwili."

Watu wakacheka. Wewe ukaweka kijiko chini ukasema taratibu, "Basi, Baba, ng'ombe watapewa nafasi mbili mbili."

Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka kuliko wote, nikidhani tumeelewana. Kisha ukaenda kuosha vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavitumia.

Nataka ujue lile neno lilitoka wapi, kwa sababu halikuzaliwa pale mezani.

Nilipomaliza kidato cha sita nilikuwa kijana wa kijijini Zuzu mwenye suruali mbili na barua mbili. Barua ya kwanza ilitoka chuo cha ualimu ambacho kilikuwa kimewachukua wenzangu wengi tu. Ya pili ilitoka chuo cha utunzaji wa kumbukumbu hapa mjini. Sitakitaja jina, ingawa kimeshafungwa na jengo lake sasa ni ukumbi wa harusi. Mimi nilipenda ualimu. Wadogo zangu nilikuwa nikiwafundisha kujumlisha na kutoa kwa punje za mtama, na walielewa, kisha tukapika somo. Lakini kile chuo cha kumbukumbu kilikuwa kimemkataa mtoto wa mchungaji. Kilikuwa kimemkataa hata kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu. Nikajiambia kwamba mahali palipomkataa mtu kama yule lazima pana kitu kikubwa ndani.

Babu yako akaniuliza, "Huko watakufundisha nini?"

Nikamwambia, "Baba, huko ni vigumu sana kuingia."

"Nimesikia. Watakufundisha nini?"

Nikamwona mzee hajui mambo.

Siku ya kwanza tu nikaiona sababu ya ule ugumu. Chuo kilikuwa na chumba kimoja cha kujifunzia kuchapa, na ndani yake taipureta kumi na mbili, tano kati ya hizo zikiwa hazina herufi A. Jaribu kuandika Kiswahili bila A, mwanangu, uone utafika wapi. Hawakuchukua watu wengi kwa sababu hawakuwa na pa kuwakalisha. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Mwalimu wetu wa masijala alikuja wiki ya kwanza, akatutazama tulivyokaa, akasema, "Ninyi ni wateule. Wateule hujisomea wenyewe." Tulimwona tena siku ya mahafali.

Tulianza ishirini na wanne tukamaliza kumi na mmoja. Wengine walipungua mmoja mmoja, bila kuaga, kitanda kinakuwa kitupu tu. Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi kulikuwa na karatasi iliyosema ni wangapi wamekataliwa mwaka ule. Wale waliopotea ndani hawakubandikwa popote.

Nilipomaliza wakaniajiri palepale, maana hapakuwa na ofisi nyingine iliyohitaji mtu anayeweza kuchapa bila A. Baada ya miaka michache nikapewa meza ya udahili. Ndipo akaja mkuu mpya wa chuo, mtu nadhifu, ambaye hakulala usingizi kwa sababu chuo kingine kilikuwa kigumu kuingia kuliko chetu. Akaniita.

"Sisi tunachukua mmoja katika kila wanne," akasema. "Watu watatudharau."

Nilimshauri tuongeze walimu. Hapana, nisijisifu. Sikumshauri kitu. Nilisema, "Ndiyo, mkuu."

Walimu hawakuongezeka na viti havikuongezeka, kwa hiyo kilichobaki ni kuongeza waombaji. Nikapewa kipaza sauti na sanduku la kalamu zenye jina la chuo, nikakaa sokoni Majengo siku tatu. Kila aliyeandika jina na anwani yake kwenye daftari langu alipewa kalamu. Nikarudi na daftari limejaa, na kila jina mle ndani tukalihesabu kuwa ombi. Kisha tukawakataa.

Mwezi uliofuata akaingia ofisini Mama Zaituni, muuza mtama na karanga, barua yetu mkononi.

"Wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Imeandikwa hapa mnasikitika. Mnasikitikia nini?"

"Kwamba hukupata nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Ya masomo, mama."

Akavuta kiti akakaa, na kwa jinsi alivyokaa nikajua mchana wangu umekwisha. "Mimi nilichukua kalamu," akasema. "Kalamu yenyewe haiandiki. Mume wangu ameisoma barua hii mbele ya wateja. Sasa soko zima linajua nimefeli mtihani ambao sikuufanya."

Nikamwomba radhi. Hakuitaka radhi yangu. Alitaka barua nyingine inayosema amechaguliwa, yenye mhuri, aibandike dukani. Nikamwandikia. Mpaka leo naamini huenda ndiye mtu pekee aliyepata nafasi katika chuo kile kwa kujitetea mwenyewe.

Mwaka ule tangazo letu likasema tunachukua mmoja katika kila kumi na tano. Na unajua kilichofuata? Waombaji wa kweli wakafurika. Watoto wenye akili, wenye alama nzuri, wakaacha vyuo vingine wakaja kugombania taipureta zetu, kwa sababu tulikuwa tumemkataa Mama Zaituni.

Mpaka hapo unaweza kucheka, na mimi hucheka. Sehemu inayofuata sijawahi kumsimulia mtu.

Akaja msichana mmoja na baba yake, kutoka vijiji vya upande wa Kondoa. Alama zake zilitosha. Viti viwili vilikuwa vimebaki, nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikivihesabu. Mkuu alitaka vibaki vitupu ili ile namba isiharibike. Yule mzee alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu amekosa wapi," akaniuliza, "ili akajirekebishe?"

"Hajakosa, mzee. Ni ushindani tu."

"Ameshindwa na nani?"

Sikuwa na jina la kumpa. Yule binti aliichukua barua, akaikunja mara nyingi mpaka ikaenea kiganjani, akatangulia kutoka. Ningependa kukuambia kwamba miaka baadaye nilimkuta mahali akiwa mtu mkubwa, akanisamehe. Sikumkuta. Sijui alikwenda wapi. Ninachojua ni kwamba nilirudi kwenye meza yangu, nikafanya kazi ile kwa miaka mingine mingi, na kidogo kidogo nikaanza kuiamini. Mtu akinitajia chuo, swali langu la kwanza likawa: kinakataa wangapi? Kwa hiyo siku ile kwa baba yako mkubwa, kati ya watu wote waliokuwa pale, ni mimi niliyejua namba ile inavyopikwa. Na bado niliila kama pilau.

Sasa la pili la kukiri. Wiki moja baada ya pale niliaga kwamba nakwenda Zuzu kumwona shangazi yako, mguu unamsumbua. Mguu wa shangazi yako ni mzima. Nilipanda basi la asubuhi la kwenda Singida, nikashuka njiani, nikaenda kwenye chuo chako.

Kusema kweli, nilikwenda kutafuta ubaya wake. Nilikuwa nimepanga nikushawishi uiache ile nafasi, ukae nyumbani mwaka mmoja, uombe tena kule kwa Baraka. Nilibeba daftari la kuandika makosa. Geti lilikuwa wazi na mlinzi hayupo. Nikaandika kosa la kwanza. Mabati mawili ya paa la maktaba yameng'oka, la pili. Bombani hakuna maji, wanafunzi wanachota kwenye tangi, la tatu. Nilikuwa nakwenda vizuri sana.

Nikazunguka nyuma ya madarasa nikakuta kundi la wanafunzi wamemzunguka ng'ombe jike mwekundu, amebanwa katikati ya miti miwili. Mkufunzi wao, mwanamke mfupi mwenye mabuti ya mpira, aliponiona akaja moja kwa moja.

"Shikamoo, mzee. Tumekusubiri sana. Mshike kichwa."

Akanipa kamba. Nilipaswa kusema kwamba mimi si mwenye ng'ombe. Lakini mtu aliyekulia Zuzu akikabidhiwa kamba mbele ya vijana ishirini, mdomo unakataa kukana. Nikamshika kichwa.

Walikuwa wanajifunza kutoa damu kwenye mshipa wa shingo. Kila mmoja alikuwa na zamu yake. Wengine walipata mara moja. Kisha akaja binti mmoja mwenye miwani. Akachoma. Hakuna kitu.

"Sijapata," akasema.

"Sawa. Toa sindano. Bonyeza hapa kwa kidole mpaka mshipa uvimbe. Umeusikia? Mzee, inua kichwa kidogo."

Nikainua. Ng'ombe akanikanyaga mguu wa kulia, akatulia juu yake. Binti akachoma tena.

"Sijapata, madamu."

Kengele ya chakula ikalia. Niliwatazama wale wengine nikingoja waanze kunung'unika, maana walikuwa wametoka darasani tangu asubuhi na harufu ya maharage ilikuwa imetufikia. Hakuna aliyeondoka. Mmoja akamwambia, "Usiutafute kwa macho, utafute kwa kidole." Mkufunzi akamwacha ng'ombe apumzike, kisha wakaanza upya. Mara ya nne damu ikapanda kwenye sirinji. Hakuna aliyepiga makofi. Mkufunzi alisema tu, "Anayefuata," na yule binti akarudi nyuma, akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Mwanangu, nilikaa miaka miwili na wale wateule wenzangu, na sikumbuki kumsikia hata mmoja akisema "sijapata". Mimi mwenyewe sikulisema. Ukishaambiwa umechaguliwa kati ya wengi, unaona aibu kutojua, kwa hiyo unaitikia kwa kichwa na kuandika. Wale kumi na watatu waliopotea, nadhani wengi wao walikosa neno hilo moja tu. Nilikuwa nawaza hayo, mguu wangu ukiwa chini ya kwato, wakati mzee mmoja mwenye fimbo alipofika akasimama mbele yangu.

"Huyu ni nani aliyemshika ng'ombe wangu?"

Mkufunzi akanigeukia. "Mzee, kumbe wewe si mwenye ng'ombe?"

"Hapana."

"Sasa wewe ni nani?"

"Mimi ni mzazi."

"Wa ng'ombe?" akauliza yule mzee.

Wanafunzi wote wakacheka kwa pamoja, na sikuwa na pa kujificha kwa sababu ng'ombe alikuwa bado hajaniachia mguu.

Walinipa ugali na maharage. Yule mkufunzi alikaa nami, nikatoa daftari langu nikamwuliza swali langu la siku zote: katika wanaoomba, mnachukua wangapi?

"Wote wenye sifa, mpaka vitanda vijae," akasema. Nikaandika. Akaningoja. "Huniulizi wanaomaliza ni wangapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba katika miaka yangu yote ya udahili sikuwahi kumsikia mtu akiuliza hivyo. Akaenda kuleta daftari la darasa lake, la mwaka uliotangulia. Akanionyesha majina moja moja. Waliobaki walikuwa wengi. Mmoja alikuwa ameacha kwa sababu ya kujifungua, akarudi mwaka uliofuata. Mwingine aligundua kwamba akiona damu anazimia, wakamsaidia kuhamia kozi ya malisho. Kila aliyetoka alikuwa na sababu, na sababu hiyo yeye aliijua. Kisha, bila kuulizwa, akanieleza ubaya wa mahali pale kuliko nilivyouona mimi: mtaalamu wa maabara amehama na hajapatikana mwingine, hadubini moja mtaitumia watu sita, na intaneti ipo kwenye tangazo la chuo tu. Nikafunga daftari langu. Hapakuwa na faida ya kukusanya makosa kwa mtu anayekupa mwenyewe.

Usinielewe vibaya. Sisemi chuo cha Baraka ni kibaya. Huenda watu wanakigombania kwa sababu ni kizuri. Huenda ni kwa sababu kiko mjini, au kinatajwa redioni, au kuna mtu kama mimi alikwenda sokoni na kalamu. Namba yenyewe haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo. Na kuna vyuo vinavyochukua kila mtu kisha havijali kama mtu huyo yupo au hayupo, ilimradi karo imeingia. Ile namba inawahesabu watu waliobaki nje. Haijui lolote kuhusu walio ndani, na wewe kuanzia kesho kutwa uko ndani.

Niliporudi nyumbani mama yako aliniuliza, "Shangazi anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri."

"Naona amenunua ng'ombe," akasema, akaangalia kiatu changu, akaendelea kuchambua mboga. Hakuuliza tena. Unamjua.

Jana nilikwenda tena kwa baba yako mkubwa. Wote walikuwepo, na yule jirani pia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasimama nikasema, "Siku ile hapa mezani nilisema neno kuhusu chuo cha Nyemo. Nilikosea, na nataka kulifuta mbele yenu."

Wakatazamana. Baba yako mkubwa akauliza, "Neno gani?"

Ikabidi nilirudie. Wakacheka upya. Nikaanza kueleza, nikajikuta nawasimulia habari ya yule ng'ombe, wakacheka zaidi, na yule jirani akataka kujua kama mguu umepona. Baraka peke yake hakucheka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, kule kwetu wanamaliza wangapi?" Nikamwambia sijui, akifika aulize, na akiona wanashangaa aulize tena. Baba yake akasema chai inapoa.

Walikuwa wamelisahau, Nyemo. Nililibeba wiki zote hizo, nikaenda kulitua mbele ya watu ambao hawakuwa nalo. Njiani kurudi Mkonze ndipo nikatambua kwamba tunaolikumbuka ni wawili tu, na kati ya wawili hao, mmoja sikuwa nimemwomba radhi.

Nisamehe, mwanangu. Ulichagua kitu unachokipenda, ukakiomba mwenyewe, ukakipata, na mimi nikakifanya kichekesho cha mezani ili ndugu yangu asinizidi. Babu yako aliniuliza watanifundisha nini, nikamwona hajui mambo. Wewe sikukuuliza kabisa. Ukirudi likizo nitakuuliza, na nitasikiliza hata kama ni habari za minyoo.

Kesho kituoni mama yako atalia, na mimi nitabishana na kondakta kuhusu mahali pa kuweka begi lako. Nitabishana sana, nadhani, mpaka watu watageuka. Ujue tu kwamba si habari ya begi.

Baba yako